Fangasi wa mapafu: si wangempa dawa mbili tu?

Swali: Dokta, mdogo wangu ana aspagilasi kwenye mapafu, kapewa vorikonazoli peke yake. Kwani wakimchanganyia na nyingine si atapona haraka?

Jibu: Pole sana ndugu. Maabara huwa wanalipima hilo kwenye kisahani cha vishimo 96, dawa moja inapungua nusu nusu kwenda kulia, nyingine kwenda chini, kama ubao wa drafti vile, wanatia mbegu za ukungu wanasubiri kama siku mbili waone wapi haujaota. Kisha wanatazama kila dawa ikiwa na mwenzake imetumika sehemu gani ya kiasi inachohitaji peke yake, wanajumlisha sehemu hizo mbili. Jumla ikiwa 0.5 au chini zinasaidiana, ikizidi 4 zinagombana, katikati hapo kila moja na lwake. Ila kisahani si pafu bana! Utafiti wa 2015 uliochanganya vorikonazoli na anidulafungini (dawa nyingine ya fangasi) kwa wagonjwa, vifo vya wiki 6 vilikuwa 19.3%, kwa waliopewa vorikonazoli peke yake 27.5%, na bado kitakwimu tofauti haikutosha kusema si bahati tu. Muulize daktari wake, asijiongezee mwenyewe.