Jibu: chembe nyeupe kwa samaki wa maji ya chumvi

Ndugu, umeuliza kama inatosha kutia dawa ya shaba katika akwariamu yako kubwa, kwa kuwa samaki wameota chembe nyeupe na wanajikwaruza kwenye mawe. Usifanye hivyo, maana dawa hiyo itaua matumbawe na kamba ulionao. Kimelea chenyewe, Cryptocaryon irritans, hukaa ndani ya ngozi na matamvua (viungo vya kupumulia) ya samaki kwa siku 3 hadi 7 hivi, kisha hushuka, hujifunga ndani ya ganda kwenye mchanga au mawe na kuzaliana humo. Shaba huua vimelea wachanga tu wanaotoka gandani na kuogelea wakitafuta samaki mwingine. Kwa hiyo chembe zikitoweka, usidhani ugonjwa umekwisha.

Hamishia samaki wote, hata wanaoonekana wazima, katika chombo cha karantini kisicho na mchanga wala mawe ya chokaa, kwa sababu vitu hivyo hunyonya shaba. Tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki, uongeze kiasi chake majini polepole, ukipime kila siku, na kwa siku 30 mfululizo usiache kishuke chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye dawa. Weka pampu ya hewa ya betri, kwani umeme ukikatika, samaki wenye matamvua yaliyojeruhiwa ndio hufa kwanza. Akwariamu kubwa ibaki bila samaki yeyote kwa siku 76, ili vimelea waliobaki humo wafe kwa kukosa samaki.