Jibu: Usumaku wa chembe isiyodumu hupimwaje?

Waalaikumsalaam ndugu yangu wa Wete. Umeuliza: kama lambda-c (chembe jamaa ya protoni ila nzito zaidi, yenye chaji chanya) huvunjika mara tu inapozaliwa, usumaku wake unapimwaje, sumaku gani itawahi?

Umegusa penyewe. Sekunde 1 igawe mafungu trilioni 5. Chembe hii huishi fungu moja tu. Kinachotuokoa ni mwendo wake. Ikizaliwa kwenye LHC, ile mashine kubwa ya kugonganisha chembe karibu na Geneva, na nishati ya TeV 1 (elektronivolti trilioni 1), kwetu maisha yake hurefuka zaidi ya mara 400, ikaenda wastani wa sentimita 2 na nusu hivi. Kwa masafa hayo sumaku za kawaida hazifui dafu.

Hapo ndipo inapoingia fuwele ya silikoni iliyopindwa kidogo. Chembe yenye chaji chanya ikiingia sambamba na safu za atomu hunaswa baina yake, ikalazimika kufuata pindo. Uga wa umeme uliomo humo, chembe yenyewe huuona kama uga wa sumaku mkali ajabu. Spini yake (mzunguko wake wa asili) huyumba kama pia inayozunguka, na pembe iliyogeuka ndiyo inayotupa usumaku. Pembe hiyo tunaisoma kwenye mabaki ya chembe ikishavunjika: protoni, kaoni na paioni (chembe ndogo zaidi) hurukia zaidi upande gani.

Fermilab, maabara ya Marekani, walishafanya hivi kwa sigma chanya, jamaa mwingine wa protoni, matokeo yakatoka 1992. Ila sigma huishi takriban mara 400 zaidi ya lambda-c, ndiyo maana kazi ya lambda-c ni ngumu.

Nasomesha fizikia hapa Mkoani, na kidato cha sita wanaiweza hii: pembe ya spini ≈ γ × (g−2)/2 × pembe ya pindo. Hapa γ ni mara ambazo maisha yamerefuka, na g ni namba ya usumaku wa chembe, ndiyo tunayoitafuta. Jaribu kwa γ = 440, ukichagua mwenyewe g na pembe ya pindo, utuwekee hesabu yako hapa.