Stata inalia "tak" tu

Ndugu, ukiwasha gari ukasikia "tak" moja bila injini kuzunguka, isikufanye ukimbilie kununua stata (mota inayozungusha injini iwake) mpya. Washa taa kubwa, kisha piga stata. Zikififia sana, anza na betri na vichwa vyake, hasa vikiwa na unga mweupe. Betri ikiwa nzima, huenda stata imekwama. Zisipofifia, angalia solenoidi (swichi inayopeleka umeme kwenye stata) au brashi (vipande vya kaboni ndani ya stata) zilizoisha. Ila gari la zamani mimi huanzia waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na bodi au injini), maana kutu na rangi hukaa chini ya boliti yake. Weka mita ya volti kati ya hasi ya betri na mwili wa stata, mtu apige stata: ikizidi nusu volti, ng'arisha miunganisho ya waya huo. Gia iwe nyutro, tafadhali!