Ukanda wa joto, kanda ya joto au chumba?

SWALI: Naandika kwa Kiswahili ripoti ya makadirio ya umeme wa jengo la ofisi litakalojengwa Dar es Salaam. Programu ya kompyuta inaligawa jengo katika sehemu, kila moja na thamostati yake (kifaa cha kudhibiti joto na ubaridi). Niziiteje? Mwenzangu ameandika: "Ukanda wa joto wa tatu unadhaniwa kuwa na kiyoyozi bora." Je, yuko sahihi?

JIBU: "Vyumba" usithubutu. Ofisi tatu za magharibi zinazopigwa na jua la alasiri kwa pamoja huweza kuhesabiwa kama sehemu moja, ilhali ukumbi mmoja mpana hugawanywa, kwa kuwa penye madirisha joto hupanda na kushuka tofauti na katikati. Pale ambapo mgawanyo wa viyoyozi haujasanifiwa, kiwango cha 90.1 cha ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa viyoyozi, hutenga pembezoni na katikati kwa umbali wa futi 15, yaani kama mita 4.6, kutoka ukuta wa nje. Ukienda kuutafuta mpaka huo jengoni huuoni. Uko kwenye hesabu tu.

"Ukanda" nao una picha ya kitu chembamba kirefu, kama ukanda wa pwani. Pembezoni mwa jengo patakubali, katikati hapakubali. Tena aliyesoma jiografia akiona "ukanda wa joto" atawaza nchi za tropiki. Mimi nachagua "kanda", ile ile ya Kanda ya Ziwa: eneo lililokatwa ili lisimamiwe peke yake. Iweke kwenye ngeli ya I-ZI: kanda hii inapozwa, kanda hizi zinapozwa.

Bado kuna "joto". Chumba cha seva kinachopozwa usiku na mchana ukikiita "kanda ya joto", fundi atakushangaa. Neno ni "halijoto", kwa sababu halijoto huwa ya juu au ya chini. Andika "kanda ya halijoto" mara ya kwanza, kisha "kanda" inatosha.

"Unadhaniwa" ndilo kosa litakalokuponza mbele ya mteja. Anayedhani hana hakika. Ninyi mmekubaliana kwa makusudi kuanzia mahali fulani kwa kuwa kiyoyozi hakijachaguliwa. Huko ni kuchukulia. Nomino ya "dhana" imeshazoeleka kwa maana ya wazo, basi tumia kitenzi, hata kama sentensi itarefuka kidogo.

Na hicho "kiyoyozi bora" hakiuzwi Kariakoo wala kokote. Ni mtambo wa kufikirika, unaotoa ubaridi wote unaohitajika bila feni wala upotevu wowote. Msomaji akiona "bora" ataulizia bei.

Kwa hiyo: "Katika kanda ya tatu tumechukulia kwamba ubaridi unapatikana kadiri unavyohitajika, umeme wa feni haumo katika hesabu hii."