Anamchoma binti wa kazi kwa pasi, je ni mgonjwa wa akili?

SWALI: Shikamoo daktari. Shemeji yangu anamchoma binti wao wa kazi kwa pasi, mgongoni na mapajani, ana miaka 14 tu, na anamwita mbwa. Nje ni mpole sana, hadi mzee wa kanisa. Mama anasema ni pepo, mimi nilimjazia tesiti ya mtandaoni ikasema saikopathi, yaani mtu asiye na huruma wala majuto. Anatibika? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Binti atoke humo ndani leo hii. Pigeni 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, au mpelekeni Dawati la Jinsia na Watoto hapo polisi mpewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali. Mengine yote baadaye.

Sasa soma tena ulichoandika: mgongoni na mapajani. Yaani pale nguo inapofunika. Mtu aliyechanganyikiwa hapigi hesabu hiyo, na bosi akimuudhi kazini shemeji yako hamchomi, anamwitikia vizuri tu. Anajua ni kosa ndo maana anaficha, na kamchagua asiye na wa kumsemea.

Hii ya kila katili lazima awe chizi au ana pepo naletewa kila wiki na inaniuma, maana wagonjwa wangu wengi wenye skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuona visivyokuwepo, wao ndo wanapigwa na kufungwa kamba majumbani huku hawajamgusa mtu. Adolf Eichmann aliyepanga treni za kupeleka Wayahudi kwenye kambi za mauaji, kabla ya kesi yake Jerusalem 1961 alipimwa akili akaonekana yuko timamu. Rwanda 1994 redio RTLM ilikuwa inawaita Watutsi mende, na watu wakaua majirani waliokuwa wanaazimana nao chumvi, mahakama za gacaca, za wanakijiji wenyewe, zikaja kusikiliza kesi karibu milioni 2 za kuua na kupora. Ni ugonjwa gani wa akili unashika wote hao kwa mpigo? Kule walianza na mende, shemeji yako ameanza na mbwa. Ukishajiambia huyu si mtu kama mimi, na ukajua hakuna atakayekuuliza, mkono unakuwa mwepesi.

Usaikopathi upo, sikatai, ila kipimo cha mwanasaikolojia Robert Hare chenye vipengele 20 kinafanywa na mtaalamu aliyesomea, kwa mahojiano marefu na mafaili ya historia ya mtu, sio wewe umjazie shemeji kwenye simu dakika mbili. Na hata akikutwa nao hautamwokoa mahakamani, bado anajua baya na jema.

Halafu hawa wa mtandaoni wanaouza "kozi ya kumtambua saikopathi", na hao waombeaji na waganga wanaochukua hela kutoa pepo la ukatili, muwaogope sana. Wanampa mkosaji kisingizio, ametoka kuombewa basi familia inasema kapona, yamekwisha, kesi inafutwa kimyakimya na binti anarudishwa kwenye nyumba ile ile yenye pasi ile ile.