Jifunze Lugha ya Skripti kwa Kazi ya Mtu Anayeisubiri

Kwa miaka miwili nilijifunza Python, lugha ya skripti ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Busia kwa kumaliza somo moja na kuingia jingine, bila kuwa na programu hata moja ambayo mtu angeweza kuitumia. Mambo yalibadilika pale shangazi yangu, anayenunua mahindi kwa wakulima na kuwauzia wenye malori, alipolowanishiwa daftari na mvua, akaniomba kitu cha kumwonyesha nani anamdai na kiasi gani.

Nilimtengenezea ukurasa wa kufungua kwenye simu kwa JavaScript, lugha nyingine ya skripti, inayotumika katika kurasa za wavuti. Mkulima aliyekuwa anamdai shilingi 50,000 alipoleta mahindi mengine ya 20,000, ukurasa ulionyesha deni la 5000020000. "Mwanangu, hesabu hii siyo," akasema shangazi. Kinachoandikwa katika fomu huifikia JavaScript kikiwa maandishi, na alama ya kujumlisha ikikuta maandishi huyaunganisha tu; ukiyapitisha kwanza kwenye Number(), amri inayoyageuza kuwa namba, unapata 70000. Katika Python pia, input(), amri inayopokea anachoandika mtumiaji, hurudisha maandishi, lakini ukijaribu kuyajumlisha na namba lugha hukataa papo hapo na kukutajia TypeError, yaani kosa la kuchanganya aina za data. Hiyo ndiyo sababu namshauri anayeanza ashike Python kwanza, kwa kuwa kosa linalojitangaza hufundisha, ilhali kosa linalonyamaza huharibu hesabu za watu. Namba za simu, kinyume chake, ziache ziwe maandishi: mimi nilizihifadhi kama namba, na sifuri ya mwanzo ikapotea kwa kila mkulima.

Baadaye niliiandika upya programu kwa Python kwenye kompyuta ya dukani. Kumbukumbu zinakaa katika SQLite, hifadhidata ndogo inayokuja pamoja na Python, isiyohitaji seva wala intaneti, na inayoweka kila kitu katika faili moja ninayoinakili kwenye flashi kila jioni. Mwongozo rasmi wa Python nao hupakuliwa wote mara moja, kwa hiyo kwisha kwa bando hakusimamishi masomo.

Programu ikishafanya kazi, kaa kando ya mtumiaji bila kumwelekeza. Nilikuwa nimeandaa michoro ya mauzo ya kila mwezi, ambayo shangazi hakuifungua hata mara moja. Alichotafuta, akakikosa, ni kijiji, kwa sababu wakulima wake watatu wana jina moja na yeye huwatofautisha kwa wanakotoka. Jioni ile ile nikaongeza safu ya kijiji.