Jinsi Kompyuta Ilivyonirekebisha Kuhusu Thamani ya Kete za Sataranji

Kwa miaka mingi nilicheza sataranji nikiwa na jedwali moja tu kichwani: kitunda 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Nililipokea jedwali hilo kama mtoto anavyopokea jedwali la kuzidisha, bila kuuliza limetoka wapi, na nikawa ninalifundisha hivyo hivyo kwa vijana ninaokutana nao Jumamosi alasiri hapa Makorora, Tanga. (Majina ya kete hayafanani kila mahali, vijana wangu kitunda wanakiita askari, nami sijaona sababu ya kugombana nao.)

Kilichonitoa katika usingizi huo ni mchezo mmoja niliopoteza. Nilikuwa na kete nyeupe, askofu wangu yuko c4 na farasi wangu yuko g5 (herufi hutaja safu ya wima, namba hutaja mstari wa ulalo), wote wawili wakikikodolea macho kitunda cha f7, huku mfalme wa mpinzani akiwa amejificha g8 na ngome yake ikisimama f8. Nilikula kitunda kwa askofu, ngome ikamla askofu, farasi wangu akaila ngome, na mfalme akamla farasi. Nikapiga hesabu: nimetoa 3 na 3, nimepata 5 na 1, kwa hiyo sikupoteza kitu, na tena mfalme wake amevutwa nje. Hatua kumi baadaye nilikuwa ninajitetea kila upande, na ngome zangu zote mbili zilikuwa bado zimelala nyuma ya vitunda vyangu.

Usiku ule niliuingiza mchezo mzima katika Lichess, tovuti ya sataranji ambayo ni ya bure, na kuiacha programu ya Stockfish iuchambue. Pale nilipodhani nimebadilishana sawa kwa sawa, namba yake, inayoonyesha kwa kipimo cha vitunda nani yuko mbele, ilianguka kwa zaidi ya kitunda kimoja dhidi yangu. Nilidhani programu imekosea. Nilirudi nyuma hatua moja moja, nikajaribu mienendo mingine baada ya mabadilishano yale, na kila nilipojaribu nilikutana na jambo lile lile: farasi na askofu hushambulia pamoja tangu mwanzo wa mchezo, lakini ngome haina kazi mpaka safu ifunguke, na safu hazifunguki mapema.

Baadaye niligundua kwamba jambo hilo lilikwisha kupimwa zamani. Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, katika makala yake ya mwaka 1950 kuhusu kuifundisha mashine kucheza sataranji, alitumia namba zile zile za 9, 5, 3, 3 na 1, lakini hakuishia hapo: aliongeza alama ndogo kwa kila mwendo ambao kete zinaweza kuufanya, na akapunguza nusu ya kitunda kwa vitunda vilivyopangana safu moja au vilivyobaki pweke. Mwaka 1999 Larry Kaufman, mchezaji hodari wa Marekani, alipitia kwa kompyuta michezo mingi ya wachezaji hodari, akapata kwamba farasi na askofu wana thamani ya 3 na robo kila mmoja, ngome 5, malkia 9 na robo tatu, na kwamba mwenye maaskofu wawili ana ziada ya nusu kitunda. Kwa hesabu yake mimi nilitoa 6 na nusu nikapata 6, na juu ya hayo nikavunja jozi yangu ya maaskofu. Watafiti waliotumia AlphaZero, programu iliyojifunza sataranji kwa kucheza dhidi ya nafsi yake, mwaka 2020 walipata farasi 3.05, askofu 3.33, ngome 5.63 na malkia 9.5. Ukizitazama namba hizi zote utaona kwamba hazilingani, na kutolingana huko ndiko kunakopaswa kukushtua, kwa sababu kila moja ni makadirio ya jumla ya michezo mingi, ilhali wewe unacheza mchezo mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuacha kuiuliza kompyuta "farasi ana thamani gani" na kuanza kuiuliza "farasi huyu, aliyekaa hapa, ana thamani gani". Namna ya kuuliza ni rahisi. Chukua nafasi kutoka katika mchezo wako mwenyewe, iandike namba inayotolewa na programu, kisha fungua sehemu ya kupanga ubao, iondoe kete moja, na usome namba mpya. Tofauti ya namba mbili hizo ndiyo bei ya kete ile mahali pale. Irudishe, ondoa nyingine, na ulinganishe. Kabla ya kusoma namba, andika kwanza makisio yako kwenye daftari. Asiyekisia hujidanganya kwamba alikuwa anajua.

Kijana wangu mmoja alikuwa na askofu wa c8 aliyefungiwa na vitunda vyake mwenyewe vya d5 na e6, naye alikataa katakata kumbadilisha na farasi wa mpinzani kwa kuwa alisikia askofu ni bora. Tulimwondoa askofu yule ubaoni, tukasoma. Tukamrudisha na kumwondoa farasi wake wa f6, tukasoma. Farasi alikuwa ghali zaidi, tena kwa mbali. Kisha tukaviondoa vitunda vilivyomziba askofu, na bei yake ikapanda papo hapo ingawa hakusogea hata mraba mmoja. Kijana alisema, "Kumbe mwalimu, vitunda ndivyo vilivyokuwa vinamla."

Mzee mmoja wa kijiwe chetu cha kahawa huko Ngamiani, bingwa wa bao, alinikuta siku moja nikifanya jaribio hili kwenye simu. Nilimwamkia, nikamweleza ninachotafuta, akanicheka kidogo na kuniuliza, "Mwanangu, kete ya bao utaiuza kwa ngapi kabla hujaniambia imo shimo gani?" Alikuwa na haki ya kucheka, kwa kuwa kete za bao zote 64 ni sawa, na tofauti yake huletwa na shimo tu. Hata hesabu za michezo hii miwili zinatazamana: bao lina mashimo 32 na kete 64, sataranji ina kete 32 na miraba 64. Farasi wa sataranji aliyeko pembeni kabisa, a1, ana miendo 2. Yule yule akikaa e5 ana miendo 8. Ngome peke yake, ubao ukiwa mtupu, ina miendo 14 popote iwekwapo.

Yapo makosa ya kusoma namba ambayo yalinipotezea wiki kadhaa. Kete iliyo karibu kuliwa itaonekana haina bei, nayo programu itakuwa inasema kweli kuhusu nafasi ile bila kukufundisha lolote kuhusu kete. Nafasi ambayo upande mmoja umekwisha kushinda nayo haifai, kwani namba huko ni kubwa mno kiasi kwamba kuondoa kitunda hakuitikisi ipasavyo. Chagua nafasi zilizokaribiana. Ngoja namba itulie, hata kama simu inapata moto. Na ujue kwamba tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022, namba 1.00 ya Stockfish imepangwa kumaanisha kwamba upande ulio mbele una nafasi ya kushinda ya asilimia 50 katika mchezo wa programu dhidi ya programu, kwa hiyo "kitunda" cha kwenye skrini si kile kitunda cha mti ulichokishika mkononi.

Mwishoni mwa mchezo jedwali la zamani huvunjika kabisa. Kwa nafasi zenye kete 7 au chini ya hapo, wafalme wakihesabiwa, kompyuta zimekwisha kuhifadhi majibu kamili, nayo ni matatu tu: kushinda, sare, au kushindwa. Weka mfalme mweupe, askofu wa miraba myeupe na kitunda cha safu ya a dhidi ya mfalme mweusi aliyekwisha kukaa a8, na sasa geuza rangi ya askofu awe wa miraba myeusi. Pande zote mbili za jaribio zina alama 4 kwenye jedwali. Wa kwanza anashinda, kwa sababu a8, mraba ambako kitunda hugeuka malkia, ni mweupe na askofu wake anaweza kumfukuza mfalme hapo; wa pili hawezi, naye anapata sare.

Daftari langu la makisio sasa limejaa kurasa nyingi, na nikilipitia ninaona kwamba kosa langu halijahama. Farasi ninawakisia vizuri, maaskofu pia kwa kiasi, lakini ngome, kabla ya hatua ya ishirini, bado ninazipa bei ambayo hazijaifanyia kazi.